Nukta Iliyokosekana Mchoroni

"Hivi huyo binti yako ni daktari wa nini, mbona hata jino hajui kung'oa?"

Swali hilo Darubini alimwuliza Mama Fundi siku moja kwenye ngazi, kila mmoja na ndoo yake mkononi. Darubini ni jina alilopewa na majirani wa jengo lile, kwa sababu dirisha lake lilitazama lango, na hakuna mguu ulioingia wala kutoka asiuone. Ukimlaumu, anakujibu kwamba macho hayana pazia.

Mama Fundi alitua ndoo. Mwishowe akasema, "Ni daktari wa chembe."

"Chembe cha moyo?"

"Chembe tu, shoga yangu. Vitu vidogo visivyoonekana."

"Ahaa! Anatibu visivyoonekana," Darubini akasema, akianza kupanda. "Ndiyo maana aliyepona naye hatujamwona."

Mama Fundi hakukasirika. Alikuwa mjane wa siku nyingi, mtu wa sala na wa maneno machache, na ulimi wa jirani alishauzoea kama alivyozoea mlio wa cherehani. Ila swali lenyewe lilimkaa. Binti alipokuja likizo kutoka chuo kikuu alikokuwa akifundisha, alimwuliza waziwazi: mwanangu, unafanya nini huko?

Binti alijaza maji kwenye glasi, akadondosha tone moja la wino wa bluu. "Tazama, Mama. Hakuna anayekoroga, lakini wino unakwenda. Kila chembe inamgonga jirani yake, naye anamgonga wake. Mimi naandika hesabu ya kusema baada ya muda fulani wino utakuwa umefika wapi."

"Na ukishajua umefika wapi?"

"Basi, nimejua."

"Mungu akuzidishie," mama akasema, akayamwaga yale maji asije mtu akayanywa.

Mtaani wakambandika jina la Dokta Chembe, nalo likamganda. Lakini dunia ni duara. Haukupita muda mrefu, ofisi ya afya ya mji ikawa inatafuta mtu wa hesabu za namna hiyohiyo, kwa kuwa ugonjwa nao husambaa kama wino kwenye maji, tofauti ni kwamba chembe zake zina miguu, zina mashoga, na zinapenda kusalimiana. Dokta Chembe akaazimwa kutoka chuoni. Akarudi nyumbani na masanduku mawili ya vitabu, akalala kitanda chake cha usichana, miguu ikining'inia nje, akafurahi kama aliyepewa jumba.

Kazi yake ya kwanza ikawa macho mekundu.

Maradhi yale si ya kuua mtu, ila yanaaibisha. Unaamka jicho limegandana, ukilifungua linawasha na kutiririka, na kila unayekutana naye anarudi nyuma hatua moja kabla hajakuamkia. Yalianza kwa watu wachache tu. Bwana Afya, mkuu wa ofisi ile, alikuwa mtu wa shati lililonyooka na maneno yaliyonyooka. Akapita mtaani na kipaza sauti: naweni mikono, msichangie taulo, msisugue macho. Dokta Chembe naye akapiga hesabu akachora mstari. Mstari ukapanda kidogo kisha ukateremka kama mtelezo wa watoto. Watu wakinawa hivi, alisema, ugonjwa utakwisha wenyewe.

Ili kuujua vizuri, akaamua kupita nyumba kwa nyumba. Sasa mtu wa fizikia ukimwuliza mgonjwa, "Unaona vizuri?" naye akajibu, "Naona kiasi," jibu hilo linamchoma. Kiasi gani? Dokta Chembe alitaka namba. Akatengeneza karatasi ngumu yenye herufi kubwa juu na ndogo chini, akatafuta kijiko kikubwa cha plastiki, cheusi, cha kuzibia jicho moja wakati jingine linasoma. Kila mlango aliopiga hodi alinawa mikono kwa dawa mbele ya wenye nyumba mpaka vidole vikakunjamana. Kisha anawapa kijiko. Ziba la kulia, soma. Ziba la kushoto, soma.

Watu waliipenda ile kazi! Bibi wa ghorofa ya tatu alisoma mistari miwili akaomba arudie. Darubini alisoma mpaka herufi za chini kabisa, akasoma na jina la kiwanda cha karatasi lililoandikwa pembeni, halafu akauliza kama hakuna karatasi nyingine ngumu zaidi. Dokta Chembe akaenda hata kwenye karakana ya mama yake, akawapima mafundi wote kwa mpigo, mmoja anapokea kijiko kwa mwenzake, vicheko vimejaa. Mama yake tu ndiye hakumpima. "Watasema upendeleo," alisema. Nyumba yao wenyewe hakuipima kwa sababu hiyohiyo.

Karakana ile ilikuwa upande wa pili wa barabara, chumba kirefu chenye cherehani safu mbili, meza ya kukatia katikati, mashine ya overloki, ya kuzibia kingo za kitambaa, karibu na mlango na pasi mwisho kabisa penye dirisha. Mama Fundi aliianza na cherehani moja ya miguu baada ya mumewe kuzikwa, akiomba Mungu ampe kazi ya kulelea mtoto. Mungu akampa, tena akampa na watu wa kufanya nao. Msimu ule walikuwa wanashona sare za shule. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mwalimu mkuu alikwisha kusema bila kumung'unya: sare zikichelewa, kazi inakwenda karakana nyingine, na mwaka ujao asimwone mtu mlangoni kwake. Kazi ile ikiondoka, nusu ya mafundi hawana cha kushona.

Basi kumbe ugonjwa haukuufuata mstari wa Dokta Chembe. Ulipaswa kushuka, ukapanda. Akapita tena nyumba kwa nyumba kupima upya, ukapanda zaidi. Bwana Afya akaja juu, akataka jibu. Ndipo binti akamchorea mchoro mkubwa: kila nyumba nukta, kila penye watu wanaokutana mstari kati ya nukta na nukta, na penye wagonjwa wengi nukta kubwa. Nukta iliyokuwa kubwa kuliko zote, nyekundu kama nyanya iliyoiva, ilikuwa karakana ya mama yake mzazi.

Bwana Afya hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alifika karakanani Jumatano mchana, akasimama mlangoni, akakohoa.

"Mama Fundi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekaribia, ila sina habari njema. Ijumaa asubuhi nafunga hapa. Mchoro unasema hapa ndipo kitovu cha ugonjwa."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine, kama mvua inavyokatika. Mama Fundi akauliza, "Utafunga mpaka lini?"

"Mpaka macho ya mji yatakapotulia."

"Na sare?"

Bwana Afya alitazama marobota ya kitambaa, akatazama viatu vyake. "Mama yangu, mimi nafuata hesabu. Na hesabu, wewe mwenyewe unajua inatoka kwa nani." Akaondoka.

Hapo ndipo mdomo wa Overloki ulipofunguka. Overloki ni yule dada wa mashine ya mlangoni, fundi hodari mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. "Jamani, haya ni maajabu! Mama anashona, mwana anafumua! Umemsomesha kwa cherehani, leo anatufungia cherehani!"

"Mwombe abadilishe, Mama Fundi," akadakia mpiga pasi. "Nukta tu ile. Si aupunguze kidogo ukubwa wake?"

"Aihamishie kwa kinyozi," mwingine akasema. "Kinyozi simpendi."

Wakacheka, lakini cheko lenyewe halikuwa na afya. Mama Fundi alitunga uzi kwenye sindano. Kisha akasema, "Hesabu ikisema tufunge, tutafunga. Kama ni kweli, ni kweli. Shoneni." Wakashona.

Alikuwa ameyasema kwa mdomo. Moyoni mambo yalikuwa mengine. Alfajiri ya Alhamisi alipopiga magoti kuomba, maneno yote ya sala yalimponyoka isipokuwa neno moja, "sare," na aliona haya kumtajia Mwenyezi Mungu mambo ya vifungo na pindo. Akamtajia hivyohivyo.

Jioni, baada ya chakula, binti alitandaza mchoro wake mezani. Mama aliketi ng'ambo akichonga chaki ya kukatia. Alikwisha kujiapiza kwamba hatamwomba upendeleo, kwa hiyo hakuuliza neno. Aliyeanza ni binti.

"Mama, hesabu haikai."

"Haikai vipi?"

"Yule dereva wa treni mstaafu wa ghorofa ya juu na mkewe. Hawatoki. Magoti yamewachosha, kila kitu wanaletewa mpaka kizingitini, wanavuta kwa kamba. Hakuna mstari hata mmoja unaowagusa. Na wote wawili macho mekundu. Sasa mgeukie fundi makufuli wa nyumba ya kona. Watoto wamejaa kama siafu, wanaingia kila mahali, wanacheza na kila mtu. Hesabu yangu inasema hao wangeanza kuumwa kabla ya watu wote. Hakuna hata mmoja anayeumwa!"

"Fundi makufuli si ndiye aliyekufungia mlango?"

"Ndiye. Alisema macho ya wanawe si maonyesho." Binti akasugua paji la uso. "Unajua, Mama, kuna nyota ukiitazama kwa muda mrefu unaiona inayumba kidogo, kama mtu anayevutwa shati na mtoto. Mtoto, yaani sayari yake, humwoni. Lakini ukipima namna shati linavyovutika unajua mtoto yupo, unajua hata uzito wake. Hapa pia kuna anayevuta shati. Simwoni mchoroni, ila anaingia kila nyumba."

Mama aliweka chaki chini. Jambo hili lilimpendeza. Lilikuwa kama fumbo. "Msoma mita ya maji?"

"Mita ziko chini, hapandi."

"Muuza maziwa?"

"Dereva wa treni na mkewe wanakunywa chai ya rangi."

"Darubini?"

"Yule haingii, anachungulia tu."

Walicheka mpaka mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha binti akasema, "Hebu niwapange kwa namna walivyoanza kuumwa, siyo kwa wanavyokutana." Akaanza kusoma kwa sauti huku kidole kikitembea. "Ghorofa ya kwanza, mlango wa kushoto. Halafu wa kulia. Ghorofa ya pili, kushoto, kulia. Bibi wa ghorofa ya tatu. Juu kwa dereva. Halafu ng'ambo ya barabara, karakana, wote pamoja. Halafu nyumba za nyuma, isipokuwa kona..."

Sauti ikapungua kasi, ikawa ya mtu anayeshuka ngazi gizani. Ikasimama.

"Mama."

"Naam."

"Hii ndiyo njia yangu."

Mama hakuelewa mara moja. Binti alinyanyuka, akaufungua mkoba wake, akatoa kile kijiko cheusi, akakishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Mikono nilinawa," akasema taratibu. "Kila mlango nilinawa mikono. Hiki kikatoka jicho kwa jicho, na mimi nakiona ni kipimo tu. Kipimo hakihesabiwi! Nimechora kila mtu wa mtaa huu, Mama, nikamsahau anayechora." Akaketi kwa kishindo, na kwa mshangao wa mama yake akaanza kucheka, cheko la kujishangaa. "Kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi nawaambia: ukitia kipimajoto kwenye kikombe cha chai, kipimajoto kinakunywa joto la chai. Msisahau kwamba kipimo chenu nacho kimo ndani ya hesabu. Nawaambia! Nawapa na mtihani!"

"Kinyozi hajinyoi," mama akasema. "Sasa hicho kidude kichemshe."

"Plastiki hii, Mama, itayeyuka."

"Basi kitie kwenye dawa, na mkoba wako uutoe nje."

Walipokwisha kukifunga kijiko ndani ya mfuko na mfuko ndani ya mfuko, na kunawa mpaka sabuni ikaisha, cheko la binti lilikuwa limezimika. Alikaa akitazama mchoro. "Bwana Afya atanirudisha chuoni na barua ya aibu," akasema. "Na atakuwa na haki." Akaushika ukingo wa mchoro. "Ningeweza kuacha tu kukitumia. Ugonjwa utashuka wenyewe. Kesho nikamwambia nimepata hesabu mpya, karakana haina neno, asifunge. Hakuna atakayejua."

Hapo moyo wa Mama Fundi uliruka, tusimsingizie malaika. Karakana ingepona, binti angepona, na hakuna ambaye angemwuliza kitu. Alichukua chaki, akaichonga kidogo, akaiweka tena.

"Na waliotokwa machozi wiki nzima, wataambiwa nani aliwaambukiza? Sisi?"

Binti aliukunja mchoro, akaukunjua tena.

"Mwanangu, sikukuomba uiachie karakana ilipokuwa na kosa, na leo sikuombi uinusuru kwa ujanja. Wewe sema kilichopo. Tena kama unaogopa, nitasimama karibu yako. Si ndivyo ulivyokwenda shule siku ya kwanza?"

"Siku ile nililia, Mama."

"Ulilia, ukaenda."

Ijumaa asubuhi Bwana Afya alifika na kufuli jipya mkononi na karatasi yenye mhuri. Nyuma yake walijaa watu wa mtaa, maana habari ya kufungwa haihitaji kadi ya mwaliko, na mbele yao wote alikuwa Darubini. Mafundi walisimama kila mmoja pembeni ya cherehani yake kama watu wanaoaga maiti. Kabla Bwana Afya hajafungua kinywa, Dokta Chembe alipenya katikati ya watu akihema, mchoro kwapani.

"Bwana Afya, usifunge. Kitovu siyo hapa."

"Ni wapi tena?"

Binti akamtafuta mama yake kwa macho. Mama Fundi alikuwa amesogea, amesimama ubavuni kwake, tepu shingoni, hana haraka. Binti akaukunjua mchoro. Pembeni, mahali palipokuwa peupe, palikuwa na nukta mpya, kubwa kuliko ya karakana, na kutoka kwake mistari imekwenda kila nyumba mtaa mzima isipokuwa nyumba ya kona na ile yao wenyewe.

"Ni mimi," akasema. "Kijiko changu cha kuzibia macho. Nilikitembeza jicho kwa jicho. Niliwapima mafundi wa hapa siku moja kwa kijiko kimoja, ndiyo maana waliugua pamoja. Wao wamepata ugonjwa kutoka kwangu. Nawaomba radhi wote."

Kisha Overloki akashika kiuno.

"Loo! Dokta! Yaani ulitupima mpaka tukaumwa!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mpiga pasi alijiegemeza ukutani. Aliyecheka kupita wote ni bibi wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa ameomba kurudia.

Bwana Afya hakucheka. Uso ulimbadilika mara kadhaa kama taa ya barabarani. "Nimetangaza mtaa mzima kwamba nafunga hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Nikatangaze nini sasa? Kwamba ugonjwa ulikuwa unatembezwa na ofisi yangu?"

"Tangaza hivyohivyo, mwanangu," Mama Fundi akamwambia kwa upole. "Watakucheka leo. Kesho ukiwaambia naweni, watanawa."

"Na kama utaona vigumu," Darubini akadakia, "niachie mimi. Kipaza sauti sihitaji."

Hapo hata Bwana Afya alishindwa kujizuia, bega likamtikisika. Alilitazama kufuli, akaligeuza, akalitia mfukoni. Karatasi akaichana mara mbili. "Haya. Naandika kwamba kosa lilikuwa la kipimo, na kwamba aliyelitia ndiye aliyeligundua. Sidhani chuo watakuhitaji zaidi kuliko mimi. Sasa niambie, kama sifungi hapa, nafunga nini?"

Dokta Chembe alikuwa ameshusha mzigo, na mtu aliyeshusha mzigo ulimi humwachia. Akasogea kwenye meza ya kukatia, akachukua chaki ya mama yake, akaanza kuchora moja kwa moja juu ya kitambaa cha kujaribia. "Hufungi mahali, Bwana Afya, unakata mistari! Wenye macho mekundu wapumzike nyumbani mpaka yasafike, wazima waendelee kushona. Kazi ya kijiko imekwisha. Na yule aliyeingia kila nyumba ndiye wa kuwekwa kando, maana mistari yote inapita kwake. Tazameni." Mafundi wakamzunguka, watu wa mlangoni wakasukumana waingie. Wawili waliokuwa bado hawajapona macho walikuwa tayari wanavua aproni, huku wenzao wakigawana vifungo vyao. Cherehani ya kwanza ikaanza kulia, ya pili ikafuata. "Ukimtoa huyu mmoja," binti akaendelea, akimshika Overloki mkono amsogeze aone vizuri, "ukimtoa tu huyu mmoja, nukta zote hizi zinabaki..."

"Mwanangu," Mama Fundi akamwita.

"Naam, Mama."

"Huyo wa kuwekwa kando. Hesabu inasema aweze kuingia karakana za watu kuanzia lini?"

Cherehani zikasimama tena. Macho yote, meupe na mekundu, yakamgeukia Dokta Chembe. Aliutazama mkono wa Overloki uliokuwa ndani ya mkono wake, akauachia polepole. Akaiweka chaki mezani, akafikiri, akaichukua tena, kwa kuwa alikwisha kuishika, akaitia mfukoni. Watu wakampisha njia, wengine wakiwa wameziba midomo kuzuia kicheko, naye akapita katikati yao, mikono ameikunja kifuani asimguse mtu, akatoka.